Meza ya Tetere

Butiama,
8 Januari 1984

Mjomba Eliasi,

Kabla hata sijakuamkia nina jambo la kukiri, maana najijua: nikianza na salamu nitazipanga zote, na karatasi itakwisha sijalisema. Mjomba, mimi ninalisha ndege. Nyuma ya jiko la Bibi, kila asubuhi, mwaka huu ambao watu wanakula mara moja kwa siku. Hajui mtu yeyote. Hata padri sijamwambia.

Sasa shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa ni wazima. Mama alikuja kutoka Bunda siku ya Noeli na kipande cha sabuni, akakikata kwa uzi mafungu manne, akatuachia mawili. Matokeo yetu ya kidato cha nne bado. Bibi anakusalimu sana. Kila nikimsomea barua yako anauliza umesema utakuja lini, nami humjibu kwamba siku hukuiandika.

Nieleze sasa habari ya ndege. Unajua macho ya Bibi yalikwisha kabisa mwaka juzi. Tangu hapo asubuhi yake alikuwa akiijua kwa tetere. Wakianza kuita kwenye ua wa minyaa, yeye hutoka na kigoda chake, hukaa nyuma ya jiko na kuniita: "Mke mwenza, amka, mume wetu ana njaa," ingawa Babu alifariki kabla sijazaliwa. Halafu huniuliza wamekuja wangapi, na yupi amekaa wapi, nami nahesabu.

Vuli haikunyesha, tetere wakahama. Naye Bibi akaacha kutoka. Alilala ameuelekea ukuta siku sita. Uji alikuwa anauonja tu. Nilimuuliza anaumwa wapi, akasema haumwi. "Hata tetere wameona hapa hapafai," akasema. "Mimi nimebaki kulinda nini?"

Siku ya saba nilimwaga chenga kidogo kwenye kigae cha chungu kilichovunjika. Kuku wakazila zote. Kesho yake niliwafungia kuku kwanza. Siku ya tatu tetere wawili walishuka, na mmoja akaita. Nilisikia kitanda kikilia. Bibi alikuwa amegeuka. Aliuliza, "Wangapi?" Nikasema wawili. Akasema nimletee uji.

Usinifikirie vibaya kuhusu chakula. Mashine ya kusaga ikipata dizeli, mimi huomba kufagia sakafu, na chenga nilizozoa ndizo ninazowapa. Nyingine ni punje zilizobunguliwa ambazo hutupwa. Lakini mashine isipofanya kazi nimewahi kutoa konzi moja ya mahindi ya yanga, yale ya njano ya msaada, kutoka kwenye fungu langu. Ni fungu langu mwenyewe, Mjomba, lakini nikipita mbele ya nyumba za watu naona kama wananisoma usoni.

Kigae cha chini hakifai, paka wa jirani yetu Mzee Machage amekwisha kukigundua. Nikaning'iniza kopo la mafuta kwa kamba ya katani. Shomoro wanashika ukingo na kula, lakini tetere wanapapatika tu na kuanguka. Wewe ni fundi bati. Nielekeze nitengeneze kitu gani.

Mpwa wako,
Lukresia


Musoma,
24 Januari 1984

Mpwa wangu Lukresia,

Milele amina, na marahaba. Nyumbani kwangu wote hawajambo. Mtoto wa mwisho alikuwa na surua, sasa anakimbia. Kazi ipo lakini bati hakuna. Karatasi mpya ya bati niliiona mara ya mwisho mwezi wa nane, kwa hiyo natengeneza koroboi za makopo, na watu wanazinunua kwa sababu mafuta ya taa yakipatikana lazima pawe na cha kuyatilia. Nakutumia dagaa kidogo kwenye mfuko wa karatasi. Wape jua tena kabla ya kuwaweka.

Jambo lako nimelisoma mara mbili. Sijamwambia mtu. Rashidi, fundi cherehani tunayekaa naye baraza moja, aliniona nakata kipande cha bati nilichokiweka tangu mwaka juzi, akauliza ni kazi ya nani. Nikamwambia ni sinia la kuanikia dagaa. Akaligeuza, akaona tundu la kuingizia mti chini yake. "Dagaa wa siku hizi wana maringo," akasema. "Wanataka kukaa mezani."

Ulichouliza ni chombo gani. Mimi naona uanze kumwangalia anayekuja kula, miguu yake ikoje na anaogopa nini. Shomoro na mnana wana miguu ya kushika. Hao wape hata kopo linalobembea, watakula. Tetere ni mzito na miguu yake ni ya kutembea. Anataka mahali papana pa kutua, na anataka aone pande zote huku anakula. Ukimwekea paa juu ya kichwa hatakuja, atafikiri ni mtego. Kwa hiyo nimekutengenezea sinia lililo wazi. Ukingo wake ni wa kidole kimoja, nimeukunja mara mbili ili usimkate miguu. Matundu ya msumari ni ya kutolea maji, ingawa sasa mvua imekuwa hadithi. Kile kinachofanana na kofia kipitishe kwenye mti katikati, mdomo ukiangalia chini. Panya na paka wakipanda wataishia hapo.

Kata mti wa urefu wa kifua chako. Usiusimamishe karibu na ua, paka ataruka. Usiuweke mbali sana pia, maana tetere akiona kipanga anataka mahali pa kukimbilia. Hatua kumi zinatosha. Kibakuli kidogo ni cha maji. Kwa kiangazi hiki nadhani maji yatawaita kuliko punje. Kisugue kwa majivu kila siku, chombo kichafu kinawaua ndege. Na usiwape zaidi ya konzi moja kwa siku, ili wasisahau kujitafutia.

Kuhusu kuja kwangu nitaandika wakati mwingine. Hamduni, kondakta wa basi la Bunda, ananiita, amekwisha kuwasha gari. Atakuachia mzigo njia panda kwa mama muuza chai.

Mjomba wako,
Eliasi


Butiama,
9 Februari 1984

Mjomba Eliasi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Dagaa walifika, na Bibi alisema hawana mchanga, maana yake amewapenda. Mama ameandika kwamba Bunda kuna chumvi ila foleni yake inaanza alfajiri. Natumaini mtoto amepona kabisa.

Meza ni nzuri kuliko nilivyofikiri. Niliisimamisha siku ile ile. Nimeitandika kipande cha gunia ili Bibi asisikie kucha zikikwaruza bati. Siku ya kwanza walikuja wanne, wiki iliyofuata tisa, na leo asubuhi nimehesabu tetere kumi na saba, na njiwa mmoja mkubwa anayewasukuma wenzake. Ulisema kweli kuhusu maji. Wanakunywa bila kuinua kichwa, kama ng'ombe. Bibi anatoka kabla jua halijachomoza. Anakula. Jana aliniambia nina sauti ndogo kama mtu anayeazima chumvi, na kwamba nikiolewa mume wangu atadhani ameoa kivuli. Nilifurahi kusikia ananitania.

Hapo ningependa kuishia, lakini kuna jambo jingine.

Wewe ulizaliwa hapa, unalijua kuliko mimi. Mimi nililisikia Jumapili kwa mara ya kwanza. Mzee Machage alikuja baada ya misa, akakaa kwenye kigogo nyuma ya jiko, akamuuliza Bibi mwaka ukoje. Nikadhani ni maongezi tu. Kumbe kaya tano za upande wetu hazipandi mtama wa masika mpaka Bibi aseme. Naye Bibi husema kwa tetere. Alifundishwa na mama yake kwamba tetere wakitoka mtoni, wakarudi uani na kuita kabla ya jogoo, mvua haipiti nusu mwezi.

Bibi alimwambia, "Nyamaza usikilize." Wakasikiliza wote wawili. Mzee Machage akasema, "Mama, mbona kwangu hawapo?"

"Kwako kuna paka," Bibi akajibu. "Tetere si wajinga. Wanakujaga hivi mvua ikiwa karibu, hawajawahi kunidanganya. Pandeni kavu."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo nimeshika kata ya maji, Mjomba. Maji yenyewe nilikuwa nayapeleka kwenye kibakuli chao.

Wamekubaliana kupanda Jumatatu ya tarehe 20. Mbegu iliyobaki kwa kaya zote tano ni debe moja, ambalo Mzee Machage alilichanganya na majivu na kulificha hata wakati watoto wake wanalia njaa. Likifukiwa na mvua isije, mchwa na panya watalimaliza, na mbegu nyingine haipo hata dukani.

Nikisema ukweli, Bibi atajua kwamba alichokuwa anakisikia ni chenga zangu, na atageuka tena ukutani. Sidhani kama safari hii atageuka kurudi. Nisiposema, kaya tano zitazika mbegu yao kwa ajili yangu. Darasani pia nilikuwa hivi. Jibu ninalo, mkono hauinuki.

Nifanye nini? Niandikie haraka, nakuomba. Barua hii nampa Hamduni mkononi.

Mpwa wako,
Lukresia


Musoma,
13 Februari 1984

Mpwa wangu Lukresia,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Sijapata barua yako tangu nilipotuma meza, na nimesikia basi la Hamduni limelala Bunda kwa kukosa dizeli, kwa hiyo hii nampa mwalimu mmoja anayepitia huko.

Nina wasiwasi na ukingo. Nilikuwa na haraka, na nadhani kwenye kona moja mkunjo haukulala vizuri. Kagua kama hauwakati miguu. Ukiona damu, upige taratibu kwa jiwe laini.

Rashidi kila asubuhi ananiuliza kama dagaa wangu wamekwisha kula. Na mimi, nikiwa nimekaa hapa na nyundo, najikuta nawaza kama mama anawasikia. Nikiwa mdogo alikuwa akiwaiga. Alikuwa akiita mpaka wanamjibu. Sijui kama bado anaweza.

Mweleze kwamba namsalimu. Mengine usimweleze.

Eliasi


Butiama,
22 Februari 1984

Mjomba Eliasi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mama hajambo, Bibi hajambo, mimi pia.

Barua yako ya tarehe 13 niliipata Jumamosi. Niliifungua nimesimama pale pale njia panda, nikijua ni jibu. Inauliza kama ukingo unawakata miguu. Hauwakati, asante.

Nikaelewa kwamba yangu haijakufikia, na kwamba hakuna mtu atakayeniambia la kufanya.

Ijumaa nilikuwa nimekwisha kuing'oa meza na kuificha ghalani, nyuma ya vikapu, nikidhani tetere wakikosa chakula wataondoka na Bibi atabadili maneno yake. Hawakuondoka. Walizunguka chini ya ule mti wakitafuta, na kwa kuwa walikuwa na njaa waliita kuliko siku zote. Bibi alifurahi sana. "Wasikie," akaniambia. "Mvua imefika Mugango hiyo."

Jumatatu asubuhi nilimwambia Bibi naenda kuokota kuni. Nikaitoa meza ghalani, nikaifunika kwa kanga, nikaenda shambani kwa Mzee Machage. Njiani nilipanga maneno yangu kwa mtindo wa insha, utangulizi, kiini na hitimisho. Nilipofika yote yalipotea. Yeye na mkewe walikuwa wamekwisha kupanda kona moja, na mbegu ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa kiunoni mwa mkewe. Aliniuliza kama Bibi anaumwa. Nikatikisa kichwa. Akauliza kama kuna msiba. Nikatikisa tena. Basi nikaitua meza kwenye udongo mbele ya miguu yake, nikatoa kanga.

"Hiki ni nini, binti?"

"Ni meza ya tetere," nikasema. "Wanakulia hapa. Hawakuja kwa sababu ya mvua. Mimi ndiye ninayewapa."

"Tangu lini?"

"Tangu baada ya Noeli."

Aliinama, akaingiza ukucha kwenye kona ya gunia, akatoa chenga moja ya njano. Akaiangalia muda mrefu. Nilisema ni ya kwangu, ya fungu langu. Mkewe alishika kiuno pale palipofungwa mbegu, kama mtu aliyeguswa na kitu cha moto. Nilifikiri wataniadhibu, na nilitaka waniadhibu upesi.

Mzee Machage akaketi kwenye tuta. Akauliza, akimtaja Bibi kwa jina lake, "Wankyo anajua?"

Nikasema hajui.

"Kabla hawajaja alikuwa amelala siku ngapi?"

"Sita."

Alisimama, akajipangusa udongo. Halafu akamwambia mkewe afunge mbegu vizuri warudi nyumbani, na mtoto atumwe kuwaambia wale wengine wasubiri. Mimi akaniambia, "Kesho nitakuja kwenu. Wewe nyamaza kama ulivyozoea."

Alikuja jana asubuhi. Akakaa kwenye kigogo na kumwambia Bibi kwamba hakupanda, mpini wa jembe umevunjika na mgongo nao unamsumbua. Mjomba, Bibi alimsema. "Machage, tangu unachungaga mbuzi ulikuwaga hivi hivi. Mbuzi wako wanakulaga mtama wa watu na wewe umelala. Mvua itakukuta umeshika mgongo." Na yeye, ambaye kila mtu hapa anajua ndiye wa kwanza kuamka, akasema, "Kweli, Mama. Uvivu wangu ni wa kuzaliwa nao." Alipokuwa anasema hivyo hakunitazama. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia.

Ile kona waliyopanda haikupona. Tetere waliokosa meza waliifuata na kuifukua yote. Konzi labda tatu za mbegu. Hizo ni zangu, nazikumbuka kila nikila. Sasa wamekwisha kuondoka, na hapa ni kimya.

Nilichokiogopa ni leo asubuhi, asubuhi ya kwanza bila tetere. Nilikaa mlangoni nikisubiri Bibi ageukie ukuta. Hakugeuka. Alitoka na kigoda chake, akauliza, "Yule mvivu amekwisha kufika?"

Mpwa wako,
Lukresia


Musoma,
5 Machi 1984

Mpwa wangu Lukresia,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ya tarehe 9 nimeipata tarehe 27, pamoja na ya tarehe 22, zote mkononi mwa Hamduni, ambaye ile ya kwanza aliitembeza Bunda wiki mbili mfukoni mwa shati. Ameomba radhi. Sisi wazima.

Nimeshukuru kwamba ya kwanza ilichelewa. Nitakwambia kwa nini, na utajua mjomba wako ni mtu wa namna gani. Ningeipata mapema ningekujibu unyamaze. Ningeandika kwamba mvua inaweza kuja yenyewe, kwamba mama asisumbuliwe, kwamba mambo hujinyoosha. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini siji. Mwaka 1980 walifika Musoma madaktari wa macho, wakakaa siku nne. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba siku ya tatu nitamfuata na kumleta, na yeye alioga, akavaa, akanisubiri njia panda. Alfajiri ya siku hiyo zikasikika habari kwamba duka la ushirika limepokea bati, baada ya miezi minane. Nilisema nitapanga foleni kidogo halafu niwahi basi. Nilitoka pale saa kumi jioni na karatasi nne. Kesho yake niliona haya kwenda, nikasema nitakwenda wiki ijayo, na madaktari wakaondoka. Nilimwandikia kwamba basi lilikosekana. Kila mwaka uliofuata ulikuwa mgumu zaidi kumtazama, hata kabla yeye hajaacha kuniona mimi.

Kipande nilichokatia meza yako kilibaki kwenye karatasi hizo. Nilikwambia nilikiweka tangu mwaka juzi. Ni tangu siku ile. Nilikuwa siwezi kukitumia wala kukitupa.

Wewe uliinua sinia ukalipeleka shambani. Mimi nina miaka arobaini na sita na sijafika njia panda.

Sehemu hii usimsomee mama. Nitakuja. Siku siisemi, maana nimekwisha kusema siku mara moja.

Mjomba wako,
Eliasi


Butiama,
8 Aprili 1984

Mjomba Eliasi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Habari njema kwanza. Mvua ilianza Alhamisi ya tarehe 29, ikanyesha mchana wote bila upepo. Kaya zote tano zimepanda, na ile kona Mzee Machage ameipanda upya kwa mbegu aliyokuwa ameipunguza kwenye fungu lake. Nilikwenda kuwasaidia siku tatu. Mkewe hakusema nami siku ya kwanza, siku ya pili alinipa kiazi. Mama ameandika kwamba matokeo yamefika shuleni, atakuja nayo Pasaka. Sikeshi tena usiku kwa ajili yake kama zamani.

Mwezi mzima wa tatu Mzee Machage alikuja kila asubuhi kusemwa. Mara mpini haukupatikana, mara mgongo umehamia gotini, mara amepoteza kamba ya kupimia mistari. Alikuwa anazitunga sababu hizo njiani, nadhani, maana siku moja alisema goti la kulia na akatoka akichechemea la kushoto. Bibi alikuwa anaamka mapema ili awe amekaa tayari kabla hajafika. Akichelewa, ananituma nikaangalie kama yuko njiani.

Siku ya mvua, nilipokuwa bado shambani, Bibi aliingia ghalani mwenyewe akitafuta ungo wake. Niliporudi nilimkuta amekaa mlangoni na meza mapajani. Maji yalikuwa yananichuruzika, na sikuweza kuingia wala kutoka.

Alikuwa anapitisha vidole kwenye ukingo, pande zote nne, polepole. "Umekunjwa mara mbili," akasema. "Huu ni mkono wa Eliasi. Baba yake alimfundishaga hivi." Halafu akaingiza ncha ya kidole kwenye matundu, moja moja, akakuta punje imekwama, akaitia mdomoni akaitafuna.

Akaigeuza meza, akapapasa tundu la mti chini yake. Kisha akasema, "Tetere walikuwa wanakulia hapa. Kwa hiyo Machage hakuvunja mpini."

"Hakuvunja, Bibi."

"Na mgongo?"

"Haumuumi."

"Na wewe ndiye uliyemwambia?"

Nikasema ndiyo, mimi. Nikasubiri ageuke. Mjomba, alianza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho yake kwa kanga, na hapo katikati sijui kama bado kilikuwa kicheko. "Mwezi mzima," akasema, "namtukana mtu aliyeniokoa." Akanivuta nikae karibu yake, nikiwa nimelowa hivyo hivyo, na akanishika kidevu kama anayepima kitu sokoni. Alisema sauti yangu ni ndogo lakini imefika mbali.

Nilimuuliza kama nimwambie Mzee Machage kwamba amejua. Alikataa upesi sana.

"Asijue," akasema. "Akijua ataacha kuja."

Halafu akasema meza irudishwe mahali pake. Tetere wakija sasa atajua ni wageni waliofuata chakula, kama wageni wengine. Mwaka atausikiliza kwa namna nyingine. Nimeirudisha. Leo wamekuja sita, na Bibi aliwaita kwa kinywa chake, na mmoja akajibu. Kwa hiyo swali lako la mwezi wa pili, jibu ni kwamba anaweza.

Kuna jambo la mwisho. Barua yako nilimsomea, nikaruka ile sehemu uliyonikataza. Nilipomaliza akaniambia, "Barua za Eliasi unazisomaga na mashimo. Sauti yako inaruka kama mtu anayevuka mfereji." Nikaikunja barua. Yeye akaendelea mwenyewe. Alisema siku ile njia panda alikaa mpaka jua likazama, akakasirika usiku mmoja, na asubuhi tetere walipoita hasira ilikuwa imekwisha. Alisema tatizo ni kwamba wewe hukuwepo kuisikia ikiisha. Akasema nikuandikie hivi, nami naandika kama alivyosema: "Meza imefika. Bado mwenyewe."

Ukija, utamkuta Mzee Machage amekaa kwenye kigogo nyuma ya jiko, anasemwa. Mwamkie, umuulize mgongo unaendeleaje. Atakwambia ni mbaya, na Bibi atadakia kwamba ni uvivu, na wewe usitabasamu. Yeye hajui kwamba Bibi anajua, na Bibi ameniapisha. Nimemwambia mtu mmoja tu, na ni wewe. Nakuomba, Mjomba, ibaki hapo kwako.

Mpwa wako,
Lukresia